Mwalimu Aliyevunja Kazi Zetu

Kwa miaka sita nilimwita Mwalimu, ingawa hakuna shule iliyowahi kumwajiri. Wenzangu walimwita hivyo, nami nikafuata. Majirani wa koti yao, lile kundi la nyumba zenye geti moja kule mtaa wa Buruburu, walimwita Mzee wa Kompyuta, na mkewe alimwita Baba. Jina lake nimeliona mara moja tu, kwenye karatasi rasmi, na sijawahi kulitamka.

Alikuwa mrefu na mwembamba, shati limechomekwa hata Jumamosi. Sisi sote alituita fundi, tangu siku ya kwanza, kabla hatujajua lolote. Alijaribu kutusalimia kwa Sheng, lugha ya vijana wa mjini, ili tujisikie nyumbani. "Niaje, fundi," angesema mlangoni, halafu angejijibu mwenyewe, "poa," kabla hujafungua mdomo. Baada ya hapo alirudi kwenye Kiswahili chake cha polepole, cha mtu aliyetoka magharibi ya nchi akiwa kijana na kukaa ofisini miaka mingi.

Darasa lilikuwa sebuleni kwake, Jumamosi kuanzia saa nane mchana. Makochi yalisukumwa ukutani, meza ya kulia ikavutwa katikati, waya wa stima ukapitishwa chini ya zulia. Tulikuwa sita au saba, kila mtu na mashine yake, yaani kompyuta ya kubebeka, nyingine zikiwa zimegandishwa kwa gundi. Aliyenipeleka kwake ni Mama Brayo, mwanamke anayeuza mitumba sokoni Mutindwa, ambaye naye alikuwa mwanafunzi. Aliniambia kuna mzee anafundisha mambo ya wingu la kompyuta bure, ila ana maswali ya kuudhi.

Wakati huo nilikuwa nikipanga vifuniko vya ndoo katika kiwanda cha plastiki mtaani Baba Dogo, na ilikuwa mwaka wa tatu tangu nimalize diploma. Nilikwenda kwa Mwalimu na bahasha ya vyeti chini ya kwapa.

"Umesoma nini?" akauliza.

"Diploma ya teknolojia ya habari. Na vyeti vinne vya mtandaoni, vya wingu."

"Vizuri. Umejenga nini?"

"Kujenga?"

"Kitu ambacho nikikifungua sasa hivi kwenye simu yangu kitafunguka."

"Hakuna."

Hakucheka wala hakusikitika. Alinirudishia bahasha bila kuifungua. "Basi tuna pa kuanzia, fundi."

Kwake wingu halikuwa jambo la ajabu. Ni kompyuta za watu wengine zilizo mbali, alisema, unazikodi kwa saa unazozihitaji. Ukishaelewa hilo, lililobaki ni kujua kuziwasha, kuzifunga milango, na kusikia zinapolia. Hakutufundisha kwa kitabu. Alikuambia ujenge ukurasa mmoja mdogo wa mtandaoni, uuweke kwenye seva, moja ya kompyuta hizo za mbali, uwape watu anwani. Ukishaweza hilo, uufanye usife hata seva ikifa. Ukishaweza hilo, uandike maelekezo ambayo yataijenga seva nyingine kama ile bila wewe kugusa kitu. Kila hatua ilikuwa kazi ya wiki au miezi, na kila hatua aliivunja.

Kuvunja ndiko kulikomfanya ajulikane. Sharti lake la kwanza lilikuwa umpe ufunguo wa kuingia kwenye kazi yako. Unakwenda msalani, ukirudi ukurasa wako umekufa, naye ameketi palepale akitazama saa ya mkononi. Hakusema alichokifanya. Ukimwuliza alijibu, "Soma." Alimaanisha ile mistari ambayo mashine hujiandikia, nani ameingia, nini kimekataa, saa ngapi. "Imeshakwambia," angesema. "Wewe ndiye hujasoma." Siku ya kwanza alipovunja kazi yangu nilikaa saa mbili na nusu nikitafuta. Ilikuwa ni ruhusa moja tu aliyoiondoa. Nilipoipata alisema, "Saa mbili na nusu. Wiki ijayo iwe moja," akaenda kuchemsha chai.

Kijana mmoja wa mtaa wa Umoja alileta mradi mzuri kuliko yetu yote. Mwalimu aliutazama kwa muda, akaweka kidole kwenye mstari mmoja. "Nikiufuta huu, nini kitatokea?" Kijana hakujua. Mstari wa pili, hakujua. Alikuwa ameunakili wote kutoka mtandaoni. Sisi tulisubiri afukuzwe. Mwalimu akasema, "Huyu ni mgeni nyumbani kwako. Kaa naye umjue kwanza." Kijana alikaa miezi mitano akiufungua mradi ule kipande kwa kipande, na ndiye wa kwanza kati yetu kupata kazi. Alikuja na keki. Mwalimu alikula kipande chake, akafuta vidole, akauliza, "Nakala zako za akiba, lini mara ya mwisho ulijaribu kuzirudisha?"

Alitufundisha kujenga vitu vinavyoweza kubomolewa na kuinuliwa upya kwa dakika kumi, lakini nyumbani kwake hakikutupwa kitu. Kalenda za miaka iliyopita zilining'inia moja juu ya nyingine. Picha zake zote alizichapisha na kuziweka kwenye albamu. Mama Brayo alimwuliza mbona asiziweke kwenye wingu, yeye anayelijua. "Kwa sababu nalijua," akasema. "Nimeona mashine za watu zinavyozimwa."

Hilo alituambia yeye mwenyewe. Mengine nilielezwa na mkewe, ambaye sote tulimwita Mama. Alikuwa akileta mandazi saa tisa na nusu na kukaa kidogo mlangoni akitutazama. Siku moja Mwalimu alikuwa ametoka kununua maziwa, naye akaniambia hivi. Mzee alifanya kazi miaka ishirini na mbili kwenye chumba cha seva cha kampuni moja mjini. Alizijua zile mashine kwa majina, ipi inapata joto, ipi lazima iwashwe mara mbili. Halafu kampuni ikaamua kuhamia kwenye wingu. Walikuja vijana watatu na kompyuta zao. Yeye akaambiwa awaandikie kila kitu anachokijua, akawaandikia daftari zima, na siku ya mwisho akawashikilia mlango mashine zikitolewa.

"Baada ya hapo," Mama akasema, "aliondoka hapa kila asubuhi na tai shingoni, miezi minne. Alikuwa anakwenda kukaa maktaba. Nilijua tangu siku ya kwanza. Kile chumba chao kilikuwa na baridi kama friji, sweta yake ilikuwa inarudi na ubaridi na harufu ya vyuma. Siku ile ilirudi ikinuka jua."

"Mbona hukumwambia kwamba unajua?"

"Angekwenda wapi basi asubuhi?"

Kule maktaba ndiko alikoanza kujisomea lile jambo lililomtoa kazini. Mmoja wa wale vijana watatu alimwazima akaunti ya kujifunzia. Baadaye kijana huyo alimletea binamu yake afundishwe, na binamu akamleta rafiki. Sebule ikawa darasa.

Mimi nilipojiunga na darasa hilo nilikuwa mtu aliyekufa ganzi. Sisemi hivi nionewe huruma. Ukipanga vifuniko saa kumi kwa siku, kuna kitu ndani kinalala kama mguu uliokaliwa, na kinabaki hivyo hata ukisimama. Siku kiwanda kilipoacha kutuita, tuliambiwa getini asubuhi. Nilitembea hadi nyumbani, mtaa wa Tena, nikasonga ugali, nikala, nikaosha sufuria. Watu kanisani waliniambia nimwachie Mungu, dada yangu akaniambia nitabasamu, watu hawampi kazi mtu aliyenuna. Mwalimu nilipomweleza alisema, "Sasa una Jumatatu hadi Ijumaa." Akanipa kazi ya kujenga.

"Jenga kitu ambacho mtu anakihitaji," akasema. "Na mtu huyo asiwe mimi. Mradi usio na mtu ni zoezi."

Katika ploti yetu, jengo la wapangaji la ghorofa nne, maji yalifunguliwa Jumanne na Ijumaa, saa haijulikani. Mlinzi alipofungua tangi alipiga kelele kutoka chini, na wa ghorofa ya nne hawakusikia. Kila wiki palikuwa na ugomvi. Nikajenga ukurasa: mlinzi anagusa kitufe kwenye simu yake, na kila mpangaji anapata ujumbe kwamba maji yamekuja. Nyuma yake kulikuwa na seva ndogo, foleni ya ujumbe unaosubiri kutumwa, na maelekezo ya kuijenga upya. Mwalimu aliivunja mara tisa. Ilipokataa kuvunjika tena nikaiwasha kwa watu.

Ilifanya kazi wiki tatu. Ijumaa ya nne nilirekebisha jambo dogo na kuizima na kuiwasha seva mchana. Ujumbe wa Jumanne uliokuwa umekwama kwenye foleni ukatoka upya. Mama mmoja aliyekuwa na mtoto mgonjwa akaacha foleni kliniki, akakimbia nyumbani kukinga maji. Mwingine akafunga kibanda chake cha mboga. Mifereji ilikuwa mikavu. Walikuja mlangoni kwangu wote.

Kesho yake nilimwambia Mwalimu.

"Umewaeleza kilichotokea?"

"Nimewaomba msamaha."

"Sikuuliza hivyo."

Alivaa koti, akawaacha wengine na Mama, tukatembea naye hadi Tena. Nikawaita wapangaji uani. Yeye alisimama kando ya ukuta, mikono nyuma. Nikawaeleza kwamba ujumbe ulikuwa umekwama, kwamba niliizima mashine bila kutazama kama kuna kilichobaki ndani, na kwamba kosa lilikuwa langu na si la mlinzi. Nikaonyesha nilichobadilisha. Yule mama wa mtoto alisikiliza hadi mwisho, mtoto begani.

"Sasa itafanya hivyo tena?"

"Hiyo haitafanya. Lingine linaweza kutokea. Likitokea nitakuja kuwaambia hivi hivi."

"Haya," akasema. "Basi usizime, inanisaidia."

Nilimsindikiza Mwalimu hadi barabarani. "Uliyofanya leo ndiyo kazi," akasema. "Yale mengine ni kuandika tu." Nilijua nimesifiwa. Nilingoja furaha ije, haikuja, nikamshukuru.

Miezi kadhaa baadaye niliitwa kwenye usaili wa kampuni ambayo ofisi zake ziko upande wa pili wa mji. Bahasha yangu hawakuiuliza. Waliuliza nimejenga nini, nikawasimulia maji ya Tena, pamoja na ile Ijumaa. Meneja aliniuliza maswali nusu saa nzima kuhusu ile Ijumaa peke yake. Nilipata kazi. Mwalimu nilimpelekea keki kama yule kijana, naye akala kipande chake na kuniuliza kuhusu nakala za akiba.

Mwaka uliofuata Mama aliugua figo. Alipungua mbele yetu, Jumamosi baada ya Jumamosi, lakini mandazi aliendelea kuyaleta, halafu akawa anayatuma, halafu yakakoma. Mwalimu hakulizungumzia. Alimzika nyumbani kwao magharibi siku ya Alhamisi. Sisi tulikwenda, tukarudi Ijumaa. Jumamosi hatukujua la kufanya, kwa hiyo tulikwenda Buruburu tu, tukidhani tutakuta nyumba imefungwa na tutasimama kidogo pale nje. Mlango ulikuwa wazi. Alikuwa amesafiri usiku kucha, na meza alishaivuta katikati. Viatu vyake bado vilikuwa na udongo mwekundu.

"Mlifikia wapi?" akauliza.

Mama Brayo alianza kulia. Mwalimu alimngoja amalize, bila kumtazama, kama mtu anayengoja mashine iwake. Kisha tukafanya darasa hadi saa kumi na moja. Wengine walisema baadaye kwamba yule mzee ni jiwe. Mimi nilimwelewa, na sikujua kama kumwelewa ni jambo zuri.

Nilikuwa nikirudi kusaidia Jumamosi, mwanzoni kila wiki, kisha mara moja kwa mwezi. Kazi iliongezeka. Nikapandishwa cheo. Mwishowe nilikuwa nampigia simu sikukuu tu, naye alijibu kwa maneno machache na kuniuliza mashine zangu zinaendeleaje.

Mwaka huu kampuni ilitafuta watu wa kuanzia kazi, nami nikawekwa kwenye meza ya usaili pamoja na meneja na dada wa ofisi ya wafanyakazi. Siku ya pili, baada ya chai ya saa nne, dada yule akasoma jina la anayefuata. Lilikuwa jina la kawaida, nisilolijua. Mlango ukafunguliwa, akaingia Mwalimu, tai shingoni, na faili la plastiki mkononi.

Alinipa mkono mimi wa pili, baada ya meneja. "Nimefurahi kukufahamu, madam," akasema. Mkono wake ulikuwa mkavu na mwepesi.

Meneja alinitazama. "Mnajuana?"

"Hapana," nikasema.

Sijui kwa nini nilisema hivyo upesi vile. Kanuni yetu ni kwamba ukimjua mtu unatoka kwenye meza, na nilijiambia baadaye kwamba ningetoka asingebaki na mtu wa kumtetea. Lakini hilo nililifikiri baadaye. Wakati ule neno lilitoka tu.

Alifungua faili. Ndani kulikuwa na vyeti, kumi na kimoja, vya aina ile ile ambayo kwetu hakutaka kuiona. Alivipanga mezani kwa mpangilio wa tarehe, na meneja akavisogeza pembeni kwa adabu. "Tueleze umejenga nini."

Mwalimu akaeleza. Ni mfumo wa kuwakumbusha wazee wakati wa kumeza dawa. Simu ya mzee inalia, asipojibu inalia ya jirani. Alichora seva zake ubaoni, akaeleza ipi ikifa nini kinafuata. Meneja akajaribu kumbana kwa swali baada ya swali, naye akajibu yote kwa sauti ile ile ya sebuleni.

"Ulianzaje?" dada akauliza.

"Kulikuwa na mgonjwa nyumbani. Dawa zilikuwa nyingi, na mimi ni msahaulifu."

"Na sasa unatumiwa na wangapi?"

"Kumi na wawili. Ni majirani."

"Na yule mgonjwa wa nyumbani?"

"Yeye hautumii tena," Mwalimu akasema, akarudi kwenye mchoro.

Kwenye meza ile ni mimi peke yangu niliyejua. Niliandika alama zangu. Alipotoka alikusanya vyeti vyake kimoja kimoja, akatushukuru sote watatu.

Tulipojumlisha, alikuwa wa kwanza kwa mbali kati ya waliokwisha kupita. Meneja alizungusha kalamu kidogo. "Ni mzuri sana," akasema. "Lakini ni kazi ya kuanzia. Huyu ni umri wa baba yangu. Kijana wa miaka ishirini na sita atamwagiza vipi?"

"Tutafute mtu wa kukua naye," dada akasema.

"Amejibu vizuri kuliko wote," nikasema mimi.

"Hakuna anayekataa," meneja akasema, na akageuza karatasi.

Ningeweza kuongeza neno. Nilikuwa nalo. Niliutazama mchoro wake ubaoni, msafi, mishale yote imefika inapokwenda, na nikakaa kimya, na tukaita anayefuata. Barua aliyotumiwa ilikuwa na maneno yale yale tunayowaandikia wote.

Jumamosi mbili baadaye nilikwenda Buruburu. Nilifika saa saba, kabla ya darasa. Alikuwa peke yake, akisukuma makochi. Nilimsaidia la mwisho, akaniwekea chai.

"Mwalimu, niliwaambia sikujui."

"Nilisikia. Nilianza mimi." Akaketi. "Ungesema unanijua wangekutoa. Alama zangu zilikuwaje?"

"Ulikuwa wa kwanza."

Alikunywa kidogo. "Nilikosea wapi?"

"Hukukosea popote."

"Pale kwenye foleni, nilieleza haraka."

"Hapana. Ulieleza vizuri. Hakuna ulipokosea, Mwalimu."

Akanitazama kwa mara ya kwanza tangu niingie. Alikuwa amezeeka usoni kuliko nilivyomwona ofisini. "Basi hilo ndilo baya," akasema. "Kosa ningelirekebisha."

Nikamwongezea chai. Tulimaliza chai. Wanafunzi wakaanza kuingia, sura nyingi ngeni kwangu, na Mama Brayo akaingia wa mwisho na mashine yake kwenye mfuko wa mitumba. Yeye alikuwa amekwama miaka, akiacha na kurudi kwa sababu ya watoto, lakini mradi wake ulikuwa umesimama na alikuwa tayari kuanza kutuma maombi. Mwalimu akawaambia mimi nafanya kazi hii kwenye kampuni, wana dakika kumi, waniulize chochote.

Waliuliza kuhusu usaili, ni maswali gani, ni mradi upi unapendwa. Nilijibu. Kisha Mama Brayo akainua mkono nusu, kama mtoto wa shule.

"Dada, na umri? Huwa wanaangalia?"

Mwalimu alikuwa ameinama mezani akiunganisha waya. Hakuinua kichwa, lakini mikono yake ilitulia.

"Ndiyo," nikasema. "Wanaangalia."

Mama Brayo alitikisa kichwa polepole, akaitazama mashine yake, akaitazama tena.

"Mmesikia," Mwalimu akasema, na akachomeka waya. "Haya, mafundi. Washeni."

Mama Brayo aliiwasha ya kwake.